Mlango Unaojifunga

Asubuhi ya Jumapili, tarehe 9 Januari 2022, hita ya umeme ilishika moto ndani ya nyumba moja katika ghorofa za chini za jengo la ghorofa 19 huko Bronx, jijini New York. Waliokuwemo walikimbia. Mlango waliotokea ulitakiwa ujifunge wenyewe nyuma yao, na haukujifunga. Moto wenyewe haukufika mbali, uliishia kwenye nyumba ile na korido iliyokuwa mbele yake. Moshi ndio uliosafiri. Ulitoka kwa mlango ule, ukapanda ngazi, na kwenye ghorofa ya 15 ukakuta mlango mwingine wa ngazi uko wazi. Watu 17 walikufa, wanane wakiwa watoto. Wengi walikuwa wa familia zilizotoka Gambia.

Siku zilizofuata, Meya Eric Adams, ambaye alikuwa hajamaliza wiki ya pili ofisini, alirudia mara kwa mara wito wa kikosi cha zimamoto: ukikimbia moto, funga mlango. Ushauri huo ni sahihi. Lakini wapo wakazi waliousikia kama lawama, kana kwamba kosa lilikuwa la familia iliyotoka mbio, wakati sheria ya jiji lilelile ilikuwa imeshalimaliza suala hilo miaka minne nyuma. Mwezi Desemba 2017, moto mwingine wa Bronx uliwaua watu 13. Mama alikuwa ameshika watoto wake, akatoka, mlango ukabaki wazi. Mwaka uliofuata jiji likapitisha sheria: milango ya nyumba za kupangisha ijifunge yenyewe, na wenye majengo wapewe hadi katikati ya mwaka 2021 kuikamilisha kazi hiyo. Maana ya sheria ile, ukiisoma kwa utulivu, ni kukubali kwamba mtu aliyebeba mtoto ndani ya moshi hatageuka nyuma kuvuta kitasa. Kazi hiyo apewe chuma.

Chuma chenyewe wengi mmekiona bila kukitazama. Ni kile kisanduku kirefu kilichofungwa juu ya mlango wa benki au wa ofisi ya wilaya, chenye mkono uliokunjika kama kiwiko. Ukisukuma mlango, mkono unajinyoosha. Ukiuachia, unaurudisha polepole mpaka kitasa kinaingia. Kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi ukisema kloza unaeleweka, na ukikosa jina, onyesha kwa mkono juu ya kichwa chako: kile cha kurudisha mlango.

Naandika kutoka Ubaruku, wilayani Mbarali, na najua swali linalofuata. Mji wa mashine za kukoboa mpunga, wenye vumbi la pumba na maroli ya mchele, una haja gani na kloza? Kwa muda mrefu haukuwa na haja yoyote, na sababu yake ni ya heshima. Nyumba ya kupanga ya kwetu, kama ilivyo nyumba ya kupanga ya karibu kila mji wa Tanzania, ina korido katikati, vyumba kushoto na kulia, mlango wa mbele unaotazama barabara na wa nyuma unaotazama ua. Hewa inaingia huku na kutokea kule. Majiko yako uani. Moshi ukizuka, mbingu iko hatua kumi. Na mchana milango ya vyumba haifungwi: inafunguliwa, pazia linashushwa. Pazia ndilo kloza ya nyumba ya kupanga. Linajirudisha lenyewe, halipigi kelele, na linamruhusu jirani kusimama nje akasema hodi. Anayefunga mlango mchana huulizwa kama anaumwa, na asipoumwa husemwa kwamba anakula peke yake.

Mambo yamebadilika kwa sababu ya mchele. Shamba kubwa la Mbarali lililojengwa miaka ya 1970 kwa msaada wa China lilileta mifereji na vibarua, wakulima wadogo wakapanua mashamba yao kulizunguka, na fedha za mpunga, hasa katika miaka ya karibuni, zimepandisha kuta juu. Fremu za maduka chini, vyumba vya kupanga juu, ngazi moja ndani, madirisha ya alumini. Ni umbo la nyumba ya mjini lililokuja bila kuleta desturi zake. Ngazi ya ndani iliyozungukwa na kuta ni bomba la moshi. Huo si mfano wa kishairi: hewa moto hupanda, ngazi huipa njia, na chochote kinachowaka kwenye fremu ya chini kitawafikia wanaolala juu kabla hawajasikia harufu. Kinachosimama kati ya bomba hilo na vitanda ni mlango mmoja kila ghorofa. Taasisi ya utafiti wa usalama wa moto ya UL, huko Marekani, imechoma nyumba za majaribio mara nyingi, na tofauti waliyoionyesha ni ya kutisha: chumba chenye mlango wazi kinaweza kupita nyuzi joto 500 za Selsiasi, wakati kilicho jirani chenye mlango uliofungwa kinabaki chini ya 40.

Kwa hiyo kloza ina historia ya kusimuliwa, na historia hiyo inaanza kwa kinyume. Katika karne ya kwanza, Heron wa Alexandria alieleza milango ya hekalu iliyofunguliwa na moto. Kuhani aliwasha moto juu ya madhabahu. Hewa iliyopata joto ikasukuma maji kuingia kwenye ndoo iliyoning'inia. Uzito wa ndoo ukavuta kamba zilizozungusha nguzo za milango. Moto ulipozima, maji yalirudi yalikotoka, na uzito wa upande wa pili ukaifunga milango tena. Waumini walishangaa. Hakuna aliyehitaji kuokolewa.

Baada ya hapo, kwa karne nyingi, aliyefunga mlango alikuwa mtu. Lugha yetu imehifadhi kumbukumbu hiyo vizuri: bawabu, mlinzi wa mlango, na bawaba, chuma kinachoushikilia, yote yana asili ya neno la Kiarabu bab, yaani mlango. Palipokosekana bawabu palifungwa kamba, kigurudumu na jiwe. Sisi tulitumia mpira. Kipande cha tyubu ya baiskeli kilichopigiliwa misumari kati ya mlango na fremu kimefunga milango ya mabucha na migahawa mingi kuzuia nzi, na sidhani kama kuna kifaa cha bei nafuu zaidi duniani kwa kazi hiyo. Tatizo la mpira, kama tatizo la springi tupu, ni kwamba unavuta bila breki. Mlango unabamiza. Mlango unaobamiza huudhi watu, na watu walioudhika huuwekea tofali.

Breki ilipatikana Boston. Historia ya biashara hii humtaja Lewis C. Norton, ambaye mnamo mwaka 1880 aliweka kwenye Kanisa la Trinity kifaa kilichotumia hewa iliyobanwa kupunguza kasi ya mlango. Kampuni ya LCN, ambayo vifaa vyake bado vinauzwa, imebeba herufi za kwanza za jina lake. Muda si mrefu hewa iliachiwa nafasi yake mafuta, kwa sababu mafuta hayabanwi na yanatii zaidi. Na muundo wa leo ni uleule kwa jumla: ndani ya silinda mna springi na pistoni. Unapofungua mlango, unaibana springi kwa nguvu za mkono wako mwenyewe, bila umeme wala betri. Unapouachia, springi inaisukuma pistoni, lakini pistoni haiwezi kukimbia kwa sababu mbele yake mna mafuta yanayopita kwenye tundu jembamba. Skrubu ndogo hulipanua au kulibana tundu hilo. Nguvu ya anayeingia hutunzwa sekunde chache, kisha hutumika kufunga nyuma yake. Mimi huona ni moja ya akili nzuri zaidi kuwahi kufungwa kwenye fremu ya mlango.

Mwanzoni lengo lilikuwa baridi na kelele. Moto uliingia kwenye hadithi hii taratibu, na ulileta madai mawili yanayoonekana kupingana. Tarehe 30 Desemba 1903 Ukumbi wa Iroquois huko Chicago uliungua wakati wa onyesho la mchana lililojaa watoto, na watu takribani 600 walikufa. Baadhi ya milango ilikuwa imefungwa. Mingine ilikuwa na vitasa vya mtindo ambao watazamaji hawakujua jinsi ya kuvifungua. Muuzaji mmoja wa vifaa vya ujenzi, Carl Prinzler, aliyekusudia kuwepo siku ile na akakosa, alirudi kwao Indianapolis akiwa na wazo la mlango unaofunguka ukiegemewa tu na kifua. Ile nondo ya kusukuma iliingia sokoni mwaka 1908 kwa jina la Von Duprin, ambalo ndani yake mna kipande cha jina la Vonnegut, wenye duka la vifaa, ukoo uleule uliokuja kumzaa mwandishi Kurt Vonnegut. Mwaka 1911 kiwanda cha nguo cha Triangle jijini New York kiliua wafanyakazi 146, na mlango mmoja wa kutokea ulikuwa umefungwa kwa ufunguo. Somo la upande huo likawa: anayetoka asizuiwe. Somo la pili, lililokomaa baadaye kwenye majengo marefu, likawa: akishatoka, moshi usimfuate. Mlango mmoja unatakiwa kutimiza yote mawili.

Huku kwetu tumelisikia somo la kwanza tu, na tumelisikia kwa gharama ambayo haipaswi kusahauliwa. Juni 1994, bweni la Shauritanga huko Rombo liliungua na wasichana zaidi ya 40 walikufa. Machi 1998, Bombolulu, Pwani ya Kenya, wasichana 26. Mlango ulikuwa umefungwa na madirisha yana nondo. Machi 2001, Kyanguli, Machakos, wavulana 67. Bweni lilikuwa na milango miwili na mmoja ulikuwa umefungwa. Agosti 2009, Idodi, mkoani Iringa, wasichana 12. Ilielezwa kwamba chanzo kilikuwa mshumaa wa kusomea. Idodi ipo njiani kuelekea Hifadhi ya Ruaha, ambako maji yanayopita kwenye mashamba yetu ya Usangu hufika yakishatuacha. Kwa mtu wa nyanda hizi, jina hilo haliko mbali.

Ndiyo maana neno lenyewe lina ugumu. Ukimwambia mzazi wa huku kwamba bweni lina milango inayojifunga, anasikia kufuli. Agosti 2023 jengo la Usindiso huko Johannesburg, lililokuwa limejaa wapangaji maskini kutoka kila upande wa kusini na mashariki mwa Afrika, Watanzania wakiwemo, liliwaka usiku na kuua zaidi ya watu 70. Tume iliyoongozwa na jaji mstaafu Sisi Khampepe ililibebesha jiji, lililokuwa mmiliki, dhamana ya hali ile. Manusura walisimulia mageti yaliyofungwa. Baada ya habari kama hizo, mtu anayeweka tofali kwenye mlango wa ngazi ili ukae wazi hafanyi ujinga. Anajitetea na kufuli. Bahati mbaya tofali linakinga kufuli na kukaribisha moshi. Mlango wenye kloza hauna ufunguo, na unafunguka kwa mkono wa mtoto ukiwa umerekebishwa vizuri.

Ukitaka kuona kloza mbovu inavyogeuka kutoka usumbufu mdogo kuwa kesi ya taifa zima, soma ripoti za Grenfell. Jengo la Grenfell, magharibi mwa London, liliungua tarehe 14 Juni 2017 na watu 72 walikufa, wakiwemo wa familia zenye asili ya Eritrea, Ethiopia na Sudan. Dunia ilikumbuka zaidi vibao vya kuta za nje vilivyowaka kama petroli, na ni haki. Lakini ripoti ya kwanza ya uchunguzi, iliyotolewa Oktoba 2019 na Sir Martin Moore-Bick, ilitaja pia milango ya nyumba ambayo haikujifunga, mingine ikiwa na kloza zilizokufa, mingine ikiwa haina kabisa, na jinsi moshi ulivyotumia nafasi hiyo kufika ukumbi wa ngazi. Kinachoumiza ni kwamba onyo lilikuwepo. Jengo lingine la halmashauri ileile, Adair Tower, liliwaka Oktoba 2015, na zimamoto wakadai kloza ziwekwe. Mpango uliotengenezwa kwa majengo ya halmashauri ulikuwa wa miaka mitano. Mtu fulani alikaa mezani, akagawanya idadi ya milango kwa bajeti, akapata miaka.

Pendekezo la Moore-Bick lilikuwa la kawaida mno ukilinganisha na ukubwa wa msiba: milango ikaguliwe kila baada ya miezi mitatu kuona kama inajifunga. Tangu Januari 2023 kanuni za Uingereza zinataka hivyo kwa milango ya sehemu za pamoja katika majengo ya makazi yanayozidi mita 11 kwenda juu. Kazi yenyewe haihitaji shahada. Unaufungua mlango, unauachia, unatazama.

Sehemu za pamoja: hapo ndipo historia yetu ya majengo ina la kusema. Aprili 1971 serikali ya Tanzania ilitwaa majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, mengi yakiwa ya Watanzania wenye asili ya Asia, na kuyaweka chini ya Msajili wa Majumba. Mwaka 1990 yaliunganishwa na ya Shirika la Nyumba la Taifa, ambalo linapangisha Iringa na Mbeya hadi leo. Jambo lile lina sura nyingi za kisiasa na za haki, na zimeandikwa. Mimi navutwa na ngazi. Mpangaji wa zamani alijua mwenye nyumba anaishi ghorofa ya pili. Taa ya ngazi ikiungua, anapanda kumgongea. Baada ya 1971 mwenye nyumba alikuwa ofisi. Kizazi kizima cha watu wa mijini kilijifunza kwamba chumba ni changu na ngazi ni ya serikali, na tabia hiyo ilibaki hata pale ambapo mwenye jengo ni mtu binafsi. Sheria ya mwaka 2008 ya umiliki wa sehemu za jengo ilijaribu kurekebisha: wenye nyumba katika jengo moja ni wamiliki wa pamoja wa ngazi, korido na paa, na wana chombo chao cha kuzisimamia. Lakini sheria hiyo inawahusu wenye hati. Ghorofa moja ya Ubaruku yenye vyumba vya kupanga haina hati nane. Ina mwenye nyumba mmoja anayeishi mbali na wapangaji wanaohama baada ya mavuno.

Jengo ninalopanga ni la namna hiyo. Chini mna duka la pembejeo, ghala dogo la mchele na mama anayechaji simu. Juu mna vyumba vinane. Mlango wa kuingilia korido yetu kutoka kwenye ngazi ulikuja na kloza, sijui kwa nini, pengine mkandarasi aliinunua pamoja na mlango. Ilianza kuvuja mafuta. Kloza ikivuja hupoteza breki kwanza, springi inabaki, kwa hiyo mlango ukawa unabamiza usiku na kuamsha watoto. Tofali likaletwa. Tofali likakaa mwaka mzima, likapata hadhi ya fenicha. Kisha usiku mmoja nyaya za jokofu la dukani ziliungua. Moto ulizimwa kwa ndoo za mchanga kabla haujashika rafu, lakini moshi wa plastiki ulipanda ngazi, ukalivuka tofali, ukaingia kwenye korido. Bibi wa chumba cha kona, mwenye pumu, alitolewa amebebwa mgongoni. Alipona. Alipata nafuu kituo cha afya, na asubuhi aliporudi aliuliza swali moja tu: "Wanangu, ule mlango una mwenyewe?"

Hakuna aliyekuwa na jibu. Nasema hivi kwa mshangao kwa sababu Ubaruku ni mahali ambapo kila mtu mzima anajua kutunza mlango wa pamoja. Tunauita mlango wa maji. Mfereji unaotoka mto Mbarali una milango ya chuma au ya mbao, na kila mmoja una zamu: nani anaufungua, saa ngapi, nani anaufunga, na anayeuacha wazi usiku hulipa faini kwa sababu aliye chini yake ameamka na jaruba kavu. Jumuiya za watumiaji maji zina daftari za mambo hayo. Tulijifunza kwa shida. Tangu mwaka 1993 Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka kabisa miezi ya kiangazi huko hifadhini, na Usangu imelaumiwa kwa hilo kwa zaidi ya miaka thelathini, wakati mwingine kwa haki na wakati mwingine kwa kurahisisha mambo. Haya yote tunayajua. Lakini tukipanda ngazi ya saruji, elimu yote hiyo tunaiacha chini pamoja na viatu vya matope.

Bibi alipouliza, mzee wa duka la pembejeo, ambaye ni mjumbe wa jumuiya ya mfereji, alicheka kwanza. Kisha alisema, "Basi tuuwekee zamu." Mwenye nyumba alipopigiwa simu alisema tununue, tutakatana kwenye kodi. Wapangaji wawili walikataa kuchanga hadi waone risiti, na sioni ubaya wowote kwenye hilo.

Fundi aliyekuja hakugusa kloza kwa nusu saa ya kwanza, na hapo nilijua tumempata fundi. Aliinua mlango kwa bisibisi kubwa kuona kama bawaba zimelegea. Zilikuwa zimelegea. Alipitisha kadi ya simu chini ya mlango kuona unapogusa sakafu. Mlango unaokwaruza sakafu utaua kloza yoyote, alisema, kwa sababu utaishia kuongeza springi hadi bibi ashindwe kuufungua. Alikaza bawaba, akabadilisha skrubu fupi kwa ndefu, akapiga randa ubavuni. Ndipo akatazama kisanduku. Kijana mmoja alipendekeza tujaze oili ya pikipiki. Fundi akamwambia, "Mdogo wangu, hii haina mdomo." Kloza nyingi hutoka kiwandani zikiwa zimezibwa, ikivuja, mpira wa ndani umekwisha, na kumimina mafuta ni kama kujaza maji kwenye kikapu. Inabadilishwa.

Dukani kuna mtego. Kloza zina saizi, na viwango vya Ulaya vinazipanga kutoka 1 hadi 7 kufuata upana na uzito wa mlango: saizi 3, kwa mfano, ni ya mlango wa hadi sentimita 95 na kilo 60, na ndiyo ya chini inayokubalika kwa mlango wa kuzuia moto. Zilizo rahisi sokoni mara nyingi hazikuandikwa saizi, au zimeandikwa kwa matumaini. Yetu ilitugharimu chini ya bei ya gunia la mchele, tukagawana kwa vyumba vinane na fremu tatu. Nataja fremu kwa makusudi, kwa sababu ubishi mkubwa ulikuwa hapo. Mama wa kuchaji simu alisema yeye hapandi juu, mlango unamhusu nini. Mzee wa pembejeo alimjibu kwamba wa chini ndiye anayewasha, wa juu ndiye anayevuta. Alilipa, akinung'unika.

Kufunga ilichukua dakika ishirini kwa karatasi ya kupimia iliyokuja ndani ya boksi. Kurekebisha ilichukua muda zaidi, na hapo ndipo wengi huharibu. Kuna skrubu mbili. Moja ni ya mwendo mrefu, kutoka mlango ulio wazi hadi karibu na fremu. Nyingine ni ya pigo la mwisho, vidole vichache vya kumalizia ambavyo lazima viwe na nguvu ya kutosha kuingiza kitasa. Mlango unaokaribia kufunga na kuishia njiani ni mlango wazi, hata ukionekana umefungwa kwa mbali. Unageuza kulia kupunguza kasi, kushoto kuongeza, robo mzunguko kwa robo mzunguko, na kila mara unajaribu. Ukifungua skrubu hadi mwisho itaruka na mafuta yatakumwagikia usoni, na umerudi dukani. Fundi alimwita bibi, akamwomba aufungue kwa mkono mmoja. Aliufungua. Akamwomba mtoto wa miaka sita. Alifungua kwa mgongo. Ulipojifunga nyuma yao hatukusikia kitu isipokuwa kitasa.

Tofali lilihamishiwa uani, linashikilia pipa la maji. Wengine waliuliza itakuwaje mchana, maana mlango uliofungwa unazuia hodi. Tulikubaliana milango ya vyumba ibaki na mapazia yake kama zamani, wa ngazi tu ndio ujifunge, na anayepanda aseme hodi mara mbili, chini na juu. Karatasi imebandikwa ukutani ndani ya mfuko wa nailoni, ina majina ya vyumba na mwezi wa kila mmoja: kukagua bawaba, kufuta vumbi la pumba kwenye mkono, kuufungua, kuuachia, kutazama.

Mwezi wa kumi joto la Usangu lilipopanda, mafuta yalilainika na mlango ukaanza kwenda haraka kidogo. Zamu ilikuwa ya chumba namba nne. Kijana wa chumba hicho alipanda juu ya kiti, akageuza skrubu robo mzunguko kulia, akashuka, akauachia mara tatu, akaandika tarehe.